Timu mpya wacheze na wakongwe au tuwatenge? Jibu kwa mwalimu wa Mbagala

Swali: Shikamoo mzee. Mi ni mwalimu wa fizikia shule ya kata huku Mbagala na niko kwenye kamati ya bonanza la roboti la shule za Temeke na Kigamboni. Mwaka huu tuna shule 14, tano zina misimu mitatu au zaidi, tisa ni mpya kabisa au zina mwaka mmoja tu. Mchezo wetu ni roboti kutoa chupa tupu za maji "mtoni" na kuzisukuma mpaka jalalani, timu mbili kwa mbili, dakika mbili na nusu. Mwaka jana wapya walichapwa vibaya na shule mbili zimeshasema haziji tena. Nusu ya kamati inataka madaraja mawili, wapya kwao na wakongwe kwao, wengine wanasema tutaua ushindani. Wewe umekaa sana kwenye meza za majaji, tufanyeje?

Marahaba mwalimu, poleni na maandalizi. Swali lako nimelisoma jana usiku nikataka kukujibu neno moja tu, "msiwatenge", nikalale zangu, alafu nikakumbuka kwamba kuna mwaka mi mwenyewe ndo nilipiga kelele kuliko wote kwenye kamati kwamba tuwatenge, tukawatenga, na mpaka leo nikikutana na mwalimu mmoja wa zile shule naona aibu kidogo. Kwaiyo ntajibu kwa urefu, vumilia.

Ushauri wangu ni huu: tenganisheni kombe, msitenganishe meza. Wapya wawe na msimamo wao na kombe lao la maana, sio cheti cha kushiriki, ila wacheze ukumbi uleule, siku ileile, na kama nusu ya mechi zao wacheze na mkongwe akiwa upande wao. Alafu mwaka wa pili ukiisha hamna tena habari ya upya, wanaingia kwenye kapu moja na wenzao. Mgeni siku mbili, ya tatu anashika jembe, hiyo sheria wazee walishatuwekea.

Ila kabla ya kwenda huko hebu nikuulize kitu ambacho hukukiandika. Hizo shule mbili zilizosema haziji, roboti zao zilitembea?

Nauliza kwa sababu wote kwenye kamati mmeshakubaliana kwamba wamekimbia kipigo, na mi kwa miaka yote niliyokaa pale mbele na saa na karatasi sijaona watoto wengi wanaokimbia kipigo. Mtoto wa Dar amezoea kufungwa, anashabikia timu, anajua kuna siku unapigwa tano na Jumatatu unaenda shule unataniwa maisha yanaendelea. Timu iliyofungwa huku roboti yake inazunguka, inagonga chupa, inaingia kwenye njia ya mwenzake na watu wanacheka, hiyo inarudi mwakani, tena inarudi na hasira. Ambayo hairudi ni ile ambayo roboti iliwekwa mezani, filimbi ikapigwa, na ikakaa pale pale. Mechi ya kwanza imekaa, ya pili imekaa, ya tatu mwalimu wao yuko chini ya meza na selotepu mdomoni, watoto wa shule nyingine wanachungulia. Hiyo ni fedheha, wala haitibiwi na daraja la pili maana hata ukiwatenga na wapya wenzao roboti isiyotembea itaendelea kusimama, tofauti ni kwamba itakuwa imesimama mbele ya wageni wenzao.

Na sababu za kusimama ni zilezile tatu, nadhani unazijua ila ngoja niziseme maana kamati yenu ina watu wa michezo ambao hawazijui. Nenda Kariakoo leo ukanunue vifaa vya roboti ya kwanza, utatoka na bodi ya Arduino Uno (ndo ubongo wa roboti), draiva ya mota ya L298N (kibao kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota), zile mota mbili za njano na tairi zake, sensa ya umbali ya HC-SR04 (nasema sensa hii ya roboti, sio ile ya watu na makazi), na muuzaji atakuwekea betri ya mraba ya volti 9 kwa sababu ndo inaingia vizuri kwenye kile kichwa cha waya. Msiba unaanzia hapo. Ile betri ni ya redio ndogo na vifaa vinavyokula umeme kidogo, haiwezi kutoa mkondo wa mota mbili zinazoanza kuzunguka kwa mpigo, kwaiyo volti zinaanguka, bodi inazima inawaka, inazima inawaka, na ukiangalia kwa nje unaona roboti inatetemeka kama ina malaria. Wengine wanaweka betri nne za AA, jumla volti 6, hawajui kwamba L298N yenyewe inakula karibu volti 2 njiani, zinabaki 4 za mota, na volti 4 kwenye plaiwudi yenye vumbi ni maombi tu. Ya tatu ndo inaniuma kuliko zote: hasi ya bodi haijaunganishwa na hasi ya draiva kwa sababu kila kimoja kina betri yake na watoto wanaona kila kimoja kinawaka taa. Waya mmoja! Watoto wameamka saa kumi usiku, wamevuka na pantoni kutoka Kigamboni, wamekaa kwenye foleni, na siku yao yote imekufa kwa waya mmoja wa urefu wa kidole.

Sikuhesabu daladala hapo. Zile waya za kuchomeka tu bila kuunganishwa kwa risasi ya fundi redio, ukitoka nazo Mbagala Rangi Tatu zimejaa kwenye boksi la viatu, ukifika Mtoni Mtongani nusu zimeshachomoka.

Mkongwe anajua haya yote, na sio kwamba ana akili kuliko wa kwenu, ni kwamba yalishamuua msimu wake wa kwanza. Kwaiyo kitu cha kwanza ambacho ningeweka kwenye ratiba kabla ya kubishana madaraja ni siku ya ukaguzi, Jumamosi moja kabla ya bonanza, kila timu ilete roboti iende mbele mita mbili, igeuke, irudi. Basi. Asiyeweza hafukuzwi, anabaki mchana na kapteni wa timu kongwe moja na mita ya fundi ya kupimia umeme mpaka itembee. Mkifanya hilo peke yake, mwakani hutapata barua ya mtu anayesema haji.

Sasa turudi kwenye kutenga, maana najua kuna watu watasema mzee amekwepa swali.

Mwaka ule tulivyowatenga tulikuwa na nia nzuri kabisa. Timu sita mpya tukazipa darasa la juu asubuhi, wakongwe wakacheza ukumbini mchana. Asubuhi ilipendeza, kila mtu alishinda mechi angalau moja, wazazi wanapiga picha, sisi tunapongezana. Saa sita wakapewa kombe lao, wakala wali, wakapanda magari wakaondoka. Hawakuona mechi hata moja ya wakongwe! Wale watoto wakarudi kwao wakiamini roboti nzuri kabisa mkoa huu ni ile iliyosukuma chupa nne, wakafunga kabati, na mwaka uliofuata wakaja na roboti ileile imepakwa rangi mpya. Tukawapandisha daraja kwa mujibu wa kanuni zetu wenyewe. Unajua kilichotokea. Walipigwa kipigo kilekile ambacho tuliwakinga nacho, ila safari hii hawana kisingizio cha ugeni na wana mwaka mmoja wa kujiona. Shule nne kati ya sita hatukuziona tena.

Na si hilo tu. Mwaka uleule shule moja kongwe, siitaji, ilileta timu ya pili yenye jina jipya na tisheti mpya, watoto wote wameshakaa kwenye klabu miaka mitatu, ikachukua kombe la wapya kiulaini. Mamluki, kama wale wenye ndevu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Ukiweka chumba chenye kombe rahisi, mwalimu anayebanwa na mkuu wa shule alete kombe atatafuta mlango wa kuingilia, na mi simlaumu sana yeye, namlaumu aliyejenga chumba.

Nikiwa mkweli lakini, wanaotaka kutenga hawajakosea kila kitu. Kuna mtaalamu wa saikolojia ya elimu anaitwa Herbert Marsh ambaye tangu miaka ya 1980 ameandika sana kuhusu jambo moja: mtoto hajipimi kwa rula ya dunia nzima, anajipima na waliomzunguka. Mtoto yuleyule na uwezo uleule ukimweka katikati ya wakali anajiona bure, ukimweka na wa kawaida anajiona samaki mkubwa kwenye bwawa dogo. Kwaiyo yule mjumbe wenu anayesema "watoto wanahitaji kuonja ushindi" ana hoja, tena nzito, na ndo maana nasema kombe la wapya liwepo na liwe la kweli. Ninachokataa ni kuliweka hilo bwawa kwenye chumba kingine chenye mlango umefungwa.

Ukiangalia wenzetu wa nje utaona mengi ya yale mashindano makubwa yanagawa kwa umri, sio kwa uzoefu. World Robot Olympiad iliyoanza 2004, kwenye kipengele chao cha RoboMission, wana kundi la miaka 8 hadi 12, la 11 hadi 15 na la 14 hadi 19. VEX nao wanatenganisha shule za kati na sekondari. FIRST Robotics Competition ya Marekani, ambayo ilianza 1992 na timu 28 kwenye ukumbi wa shule moja huko Manchester, New Hampshire (mwaka huo wote wageni, hamna wa kumwonea mwenzie), inachezesha wapya na wakongwe pamoja, kambi (yaani timu zinazocheza upande mmoja) ya timu tatu kwa tatu, ila ina tuzo zinazogombewa na timu za mwaka wa kwanza tu, kama ile ya Rookie All-Star. Yaani uwanja mmoja, tuzo mbali. Sikuibuni mimi.

Ila wao pia walishajikwaa kwenye kuchanganya, na hili nataka kamati yenu ilisikie kabla hamjaenda kupanga ratiba kwa shauku. Kule kila timu ina namba, namba ndogo ni ya timu ya zamani na kubwa ni ya mpya. Mwaka 2007 wakapanga ratiba kwa makundi ya namba ili kila kambi iwe na mzee mmoja, wa kati mmoja na mgeni mmoja. Kwenye karatasi ilikuwa haki tupu. Uwanjani ikawa mzee hachezi na mzee mwenzie hata mara moja, kazi yao ni kupambana tu, tena walewale kila saa, na mgeni hivyo hivyo hakai kambi moja na mgeni mwenzie. Watu walilalamika kweli na msimu uliofuata wakabadilisha namna ya kupanga. Kwaiyo kuchanganya kwa nguvu mia kwa mia nako ni kutenga kwa njia nyingine.

RoboCupJunior, mashindano mengine ya dunia ya roboti za wanafunzi, wana njia ambayo mi naipenda zaidi kuliko zote. Kwenye Rescue Line, ile ya roboti kufuata mstari mweusi na kuokoa "majeruhi", wamewahi kuweka sheria kwamba mtoto akishashiriki mara mbili kwenye mashindano ya dunia ahamie kipengele kingine kigumu zaidi. Umeona? Badala ya kumsukuma mgeni pembeni, wanamsukuma mkongwe juu. Nyie kwa shule 14 hamna watu wa kujaza kipengele cha pili, ila wazo libaki, siku mkifika shule 30 ndo mtafungua kazi ngumu mpya ya wakongwe na mtawaachia wapya chupa.

Haya, hesabu. Nimekaa na kalamu na chai, angalia kama nimekosea.

Timu 14, kila moja icheze mechi sita, hiyo ni nafasi 84, na mechi moja inabeba timu nne, kwaiyo mechi 21. Wakongwe watano mara sita wanachukua nafasi 30, wapya tisa mara sita wanachukua 54. Sasa gawa hivi: mechi 15 ziwe za mkongwe na mpya dhidi ya mkongwe na mpya, zinameza nafasi zote 30 za wakongwe na 30 za wapya. Zimebaki nafasi 24 za wapya, hizo ni mechi sita za wapya watupu, wawili kwa wawili. Inaingia kama ufunguo! Kila mpya anapata mechi tatu au nne na mkongwe begani kwake, na mbili au tatu za wageni kwa wageni ambako mtu lazima ashinde. Hamna hata mechi moja ambayo wapya wawili wanawekwa mbele ya wakongwe wawili wakachinjwe, na nadhani mwaka jana mlipanga kwa droo ya kofia na ndo ikafanya hivyo.

Gharama yake ni ileile ya 2007, wakongwe hawatacheza pamoja kwenye hizi mechi za awali. Kwa watano, katika mechi 15, kila jozi itakutana mara moja au mbili, kwa bonanza la siku moja inavumilika, na nusu fainali wanaachiwa huru. Muda: dakika mbili na nusu za mchezo na tatu na nusu za kupanga chupa na kutuliza makelele, dakika sita kwa mechi, jumla dakika 126. Saa mbili na kidogo kama umeme haujakatika. Kama una wasiwasi na umeme chajini betri usiku na muweke saa ya mkononi, tulishafanya fainali nzima kwa saa ya simu.

Pointi mnaandika kwa timu, sio kwa kambi, kambi ikishinda timu zake zote mbili zinapata. Mwisho mna orodha moja ya timu 14 na mnaisoma mara mbili: ukiisoma yote unapata makapteni wa nusu fainali, ukifuta wakongwe unapata bingwa wa wapya. Mechi zilezile, refa yuleyule, hamna mtu anayesema kombe la wapya ni la huruma.

Nusu fainali, timu nne za juu zinakuwa makapteni na zinachagua wenzao hadharani, kambi ya timu tatu, wawili wanacheza na mmoja anasubiri ila kila mmoja lazima acheze angalau mechi moja. Raundi ya pili ya kuchagua anaanza wa nne kurudi juu. Mi ningeongeza kanuni moja, kila kambi iwe na angalau mpya mmoja. Nafasi ni 12 na wakongwe wako watano tu, kwaiyo hata wakipita wote, wapya saba kati ya tisa watacheza nusu fainali ukumbi umejaa. Na hapo ndo utaona mkongwe ambaye asubuhi alikuwa anavimba anazunguka kwenye meza za wapya anauliza "nyie ile sensa yenu mmefungaje", kwa sababu sasa anamhitaji.

Kama mngekuwa na mchezo wa mmoja kwa mmoja, tuseme sumo ya gramu 500 ambapo roboti mbili zinasukumana kutoka ulingoni, nisingewachosha na yote haya, ningesema tumieni mfumo wa Uswisi ule wa chesi, ulianza Zürich mwaka 1895 na bado hauna mpinzani. Mshindi anakutana na mshindi, aliyefungwa na aliyefungwa, hamna anayetolewa. Kwa timu 14 raundi nne zinatosha kubaki na mmoja asiyefungwa, na kuanzia raundi ya tatu wapya wengi watajikuta wanacheza wao kwa wao bila mtu kuwabandika jina.

Pointi za mchezo nazo ziangalieni. Kama nimekuelewa vizuri mnatoa pointi kwa chupa inayofika jalalani tu, maana yake roboti iliyofanya asilimia 80 ya kazi imepata sifuri sawa na ile iliyolala. Gawanyeni. Kutoka kwenye boksi la kuanzia ipate kitu, kugusa chupa kitu, kuvusha mstari kitu, jalalani ndo kikubwa. Na kwa kuwa muda wenu ni dakika mbili na nusu sawasawa na FIRST Tech Challenge, mashindano mengine ya hao hao FIRST, wao sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe, hakuna rimoti, alafu dakika mbili za dereva. Igeni. Programu ya "nenda mbele sekunde mbili simama" mpya anaiandika jioni moja na inampa pointi ambazo mkongwe mwenye makeke mengi wakati mwingine anazikosa kwa sababu anajaribu kupiga chenga kumi.

Nani ni mpya? Hapa ndo kamati itagombana, jiandae. Msiangalie jina la shule. Shule inaweza kuwa na misimu minne ila watoto wote wa klabu walikuwa kidato cha nne, wamemaliza Novemba wamekwenda zao, na mwalimu amehamishwa. Hiyo ni timu mpya yenye jina kongwe. Na kinyume chake, shule imefunguliwa juzi lakini imeajiri mwalimu aliyefundisha roboti miaka sita na ina kabati la LEGO limejaa mpaka juu. Ukongwe unakaa kwenye vitu vitatu, mwalimu, kabati na watoto, kwaiyo ulizeni hivyo: mwalimu ameshasimamia misimu miwili? klabu ina vifaa vya akiba vya kuunda roboti ya pili? zaidi ya nusu ya watoto wameshashindana? Ndiyo mbili kati ya tatu, ni mkongwe, hata kama tisheti bado zina harufu ya dukani. Mamluki wengi wanakwamia hapo. Fomu isainiwe na mkuu wa shule, mtu anaogopa kusainisha uongo kuliko kuusema.

Kabati ndo zito kuliko mengine, tusidanganyane. Pengo kati ya shule ya kata na ile ya ada ya mamilioni halitafutwa na ratiba. FIRST Global, wanaochukua timu moja kwa kila nchi tangu 2017, wanajaribu kulipunguza kwa kumpa kila mmoja seti ileile ya vifaa, nyie hamna hela hiyo, ila mnaweza kuweka kikomo: mota zisizidi nne, betri isizidi ile inayoandikwa volti 7.4 yaani seli mbili za 18650 (zile za duara za kuchajiwa), na ukubwa unaoingia kwenye boksi moja. Kikomo kinambana mwenye nazo bila kumtukana. Seli za kutoa kwenye betri za laptopu mbovu zikaguliwe kwa mkono wa mtu mzima, zikigusana chanya na hasi zinawaka moto kweli.

Najua wakongwe watakuja juu. "Tumekuja kushindana sio kubeba magunia." Nimesikia hayo maneno kwa mzazi mmoja mwenye gari kubwa, tena mbele ya watoto. Mimi huwa nawaonyesha timu 118, Robonauts wa Texas, moja ya timu za kutisha kule Marekani, ambao kila msimu wanatengeneza na kutoa bure mchoro wa roboti rahisi iitwayo Everybot ili timu isiyo na hela na isiyo na uzoefu iweze kuunda kitu kinachocheza. Hawajaacha kutisha kwa sababu hiyo. Waambie wakongwe wenu watano waungane watoe Everybot ya Temeke, karatasi mbili tu, vifaa vya Kariakoo, mchoro wa waya wenye ile hasi imechorwa kwa rangi nyekundu hata kama kitaalamu hasi ni nyeusi, maana lengo ionekane. Na anayefundisha anajikuta anagundua makosa yake mwenyewe. Kapteni mmoja alikuwa anamweleza mgeni jinsi alivyopanga sensa zake, akanyamaza katikati ya sentensi, akakimbia kwenye meza yake kubadilisha.

Kuna hali moja tu ambayo ningekubali kutenga moja kwa moja bila mjadala, nayo ni umri. Mkianza kupokea shule za msingi msiwaweke na kidato cha sita, hata UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ni vitu viwili.

Kuhusu zile shule mbili, usiwaandikie barua. Barua ya mwaliko waliipata mwaka jana na unajua ilikoishia. Nenda Jumamosi moja na mita, seli mbili za 18650 zimechajiwa, chuma cha kuchomea risasi na vipande vya waya, mwombe mwalimu wao afungue kabati mkiwa na watoto hapo hapo. Msiongelee madaraja wala kombe. Roboti ikishatembea mita mbili ikarudi ndo uwaulize tena kama wanakuja. Na kama mojawapo ni ya ng'ambo kule Kigamboni nishtue siku moja kabla, Jumamosi nyingi niko tu nyumbani, tukutane pale pantoni saa mbili.